Paji la Jenifa

Chang'ombe, Dodoma
10 Machi 2024

Mwanangu Jenifa,

Mbukwa. Huku tu wazima wa kutosha. Tangu mwaka uanze mvua imenyesha siku kumi na moja tu, na mtama wa baba yako mkubwa Nathanaeli umesimama magotini, hautaki kupanda wala kufa. Mguu wake unamsumbua. Josephine, yule msichana wa saluni, bado ninaye; anachana vizuri, ila anaongea kuliko wateja.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Mwezi uliopita tuliongea dakika sita, ya saba ukakata. Karatasi haikatwi kwa kidole. Ukitaka kuichana, utaichana ukiwa umeshaisoma.

Sasa sikiliza, nina shida ya kikazi. Tangu Januari nimepamba maharusi kumi na tisa. Kumi na moja wamekuja na simu mkononi: "Anti Scola, nataka nitoke kama huyu." Nikitazama, ni dada wa kwenye tamthilia za Kikorea. Wanne wameleta wa Kichina. Wanne waliobaki walikuja na sura zao wenyewe, Mungu awabariki. Mimi nina miaka ishirini na sita katika kazi hii, nilianza na kiti kimoja cha plastiki kilichofungwa mguu kwa kamba, na sijawahi kumwambia mteja kwamba sijui. Lakini safari hii sijui. Kwangu wote ni sura moja. Wewe unaishi huko kwa Wachina, na mwezi wa nane unasema chuo kinakupeleka Korea kwa muhula mzima. Niandikie tofauti zao: ngozi, nyusi, mdomo, umbo la uso. Weka vipimo. Usiniandikie "wanapenda urembo wa asili" kama wale wa redioni. Uasili haupakwi kwa brashi.

Kuhusu lile swali lako la kwenye simu, nani alikuchanja alama ya pajini na mama yako alikuwa wapi siku hiyo: hayo ni mambo ya zamani. Wagogo tumechanjwa mapaji tangu enzi. Hata mimi ninayo na sijawahi kumhoji mtu. Mama yako aliondoka mara tu tulipomzika baba yako, nimekwambia tangu ukiwa darasa la pili, na sina la kuongeza.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Shangazi yako,
Scolastika


Hangzhou
19 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imefika jana, siku thelathini na tisa tangu uiandike. Nimehesabu kwa sababu najua nawe utahesabu. Mimi ni mzima, masomo ya nguo yanakwenda, maabara yetu ina mashine za kufuma ambazo baba mkubwa angeziona angesema zina pepo. Mpe pole ya mguu. Josephine mwambie namsalimu na apunguze maneno.

Haya, Wachina. Cha kwanza ni weupe. Wana methali kwamba weupe hufunika kasoro tatu. Wenzangu wa bwenini hawaendi kantini bila mwavuli, na kantini ni hatua mia mbili. Cha pili ni uzito: husema mwanamke mzuri hazidi kilo hamsini, awe mrefu awe mfupi. Mimi nina sitini na moja. Nikikaribia mizani yao wananiomba kwa adabu nisiichoshe. Uso wanaoupenda wanauita mbegu ya tikiti: juu mpana, chini kidevu kimechongoka. Macho yawe makubwa, kope la juu liwe na mkunjo. Asiye nao hubandika utepe mwembamba kila asubuhi kabla ya darasa. Nyusi zina upinde, mdomo mwekundu waziwazi. Mchina akijipamba anataka ujue kwamba amejipamba. Hapo nadhani utaelewana naye.

Halafu kuna jambo moja. Jumapili, kando ya ziwa la hapa, wasichana hukodi nguo za enzi za wafalme wao na kuchora ua jekundu katikati ya paji. Mmoja alinisimamisha akaniuliza yangu nimechorewa duka gani. Nikamwambia haifutiki. Akasema, "Una bahati, mimi hii itatoka nikioga."

Na watoto wao wanaoanza shule, mwalimu huwatia nukta nyekundu papo hapo pajini ili akili ifunguke. Nilikwenda kuona. Mwalimu anatia, mtoto anakunja uso, mzazi anapiga picha. Mzazi yupo, shangazi. Anacheka, anamrekebisha mtoto kola. Nikasimama pale nikijiuliza tena: siku yangu, mzazi wangu alikuwa wapi? Unasema alishaondoka. Alikwenda wapi? Sikuulizi ili tugombane.

Wako,
Jenifa


Chang'ombe
2 Juni 2024

Mwanangu,

Tunaendelea. Mvua ilikwisha kabla haijaanza, tumevuna magunia mawili ya uwele mahali pa saba. Nathanaeli sasa anatembea na fimbo na anataka tuamini ni ya heshima.

Maelezo yako ya Kichina nimeyabandika ukutani. Jumamosi iliyopita nikayajaribu kwa bibi harusi mmoja wa Makole, Brightness, mhasibu, msichana mwenye ngozi nzuri ya kahawia isiyohitaji mtu. Yeye ndiye aliyetaka. Nikamtia weupe ngazi mbili, nikampinda nyusi, nikachonga kidevu kwa poda nyeusi. Josephine akasema, "Anti, umeua!" Tukatoka kifua mbele. Pale kanisani mama mkwe akamtazama kutoka juu hadi chini, akamuuliza mwanawe kwa sauti ya kusikika mpaka kwaya: "Brighton, unaoa mtu au unaoa ukuta uliopigwa chokaa?" Bibi harusi akalia, chokaa ikafanya mito. Nimemfuta na kumpaka upya ndani ya dakika kumi na nne, kwenye chumba cha padri, nikitumia vile vitu nilivyozoea. Akatoka akiwa yeye. Mama mkwe akapiga vigelegele.

Basi nimejifunza: weupe wao haugeuzwi kuwa wetu. Vipimo vinasafiri, ngozi haisafiri. Leta Wakorea.

Alama yako. Ulikuwa unaumwa macho. Watoto wa huku walikuwa wanaumwa sana macho kwa vumbi na nzi, na dawa ya wazee ilikuwa kuchanja paji. Ulikuwa na miaka mitatu. Ulipona. Ndiyo hivyo, sasa umejibiwa.

Ulipokuwa mdogo uliniita mama. Ulipofika darasa la tatu ukaacha, ukaanza shangazi, shangazi. Nasema tu kwamba niliona.

Scolastika


Daegu, Korea
8 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Nimefika Korea salama, nina wiki mbili. Samahani kwa ukimya wa kiangazi. Mitihani ilinibana, na pia sikujua niandike nini. Ya ukuta wa chokaa nimeisoma mara tatu, nimecheka peke yangu ndani ya treni mpaka mzee mmoja akahama kiti. Pole ya uwele.

Wakorea ni kinyume cha Wachina, ingawa kwa mbali wanafanana. Weupe wanaupenda wote, lakini Mchina anatafuta weupe wa kaure, Mkorea anatafuta ngozi ya kioo: ing'ae, ionekane ina maji ndani. Mwenzangu wa chumbani hupaka vitu tisa kabla hajafika kwenye poda, na akimaliza anaonekana hajapaka kitu. Huo ndio ufundi wenyewe. Nyusi zimenyooka, hazina upinde, ili mtu aonekane mdogo kwa umri na mpole. Mdomo una rangi kwa ndani tu, kama mtu aliyekula zambarau akajifuta. Na uso uwe mdogo. Wanaupima kwa kiganja, hivi: kiganja kikifunika uso, umepita. Wangu umekizidi kwa vidole viwili. Mchina anataka uonekane kutoka ng'ambo ya barabara. Mkorea anataka mtu akusogelee karibu kabisa asione kosa.

Ndiyo maana paji ni jambo kubwa hapa. Liwe la mviringo na safi. Wapo wanaoongezewa nyama ya paji kwa sindano. Mtu akitafuta kazi anaondoa hata kidoa cha kuzaliwa.

Nimeomba nafasi ya mafunzo ya miezi mitatu kwenye kiwanda kimoja cha nguo, na wanataka picha. Nikaenda studio. Mpiga picha akanikalisha, akapiga, akageukia kompyuta. Ndani ya dakika moja akawa ameifuta alama yangu. Hakuniuliza, kwao ni kama kumtoa mtu unyasi kwenye nywele. Shangazi, nina miaka ishirini na mitatu na sijawahi kuliona paji langu. Nimekutumia picha moja humu ndani.

Nimekwenda kliniki iliyo karibu na chuo. Daktari anasema alama inaweza kutolewa kwa mwanga wa leza, mara tatu, nikianza tarehe 16 Novemba. Ila anaogopa kovu lisije likavimba. Kuna fomu, na mgonjwa anatakiwa kujua: kidonda kilitengenezwa kwa kifaa gani, kilipakwa nini ndani, kilioza au hakikuoza, na mwaka gani. Mimi sijui hata kimoja. Wewe unajua. Tafadhali niandikie mapema. Siombi ruhusa, naomba majibu manne.

Jenifa


Chang'ombe
6 Oktoba 2024

Jenifa,

Nashukuru kwa barua. Hapa ni vumbi na harusi: sita mwezi uliopita, na zote nimezimaliza kwa wakati. Mkorea nimemuweza. Bibi harusi mmoja wa Miyuji nilimpaka saa mbili na nusu, na shemeji zake wakalalamika kwamba tumewaibia kwa sababu hajapakwa. Nikajua nimefaulu.

Picha imefika. Nimeitazama mara moja na nimeiweka kwenye droo ya machanuo. Huyo si wewe. Nakwambia kama mtu wa kazi: huyo mpiga picha amekosea, ameondoa kitu akabadilisha uso mzima. Josephine ameiona, maana hakuna anachokosa kuona. Akasema, "Anti, huyu dada ni wa kule Kondoa? Kama nimemuona mtu wa hivi." Nikamwambia afagie. Akasema ameshafagia. Nikamwambia afagie tena.

Unataka kutoa alama ya babu zako kwa ajili ya kazi ya miezi mitatu kwa watu wasiojua hata kutamka Dodoma. Nimekulea miaka ishirini. Nimekusuka kila Jumapili, zidisha mwenyewe. Sikukulea ukajifute.

Daktari mwambie ni alama ya kuzaliwa. Yaishe.

Scolastika


Daegu
27 Oktoba 2024

Shangazi, shikamoo.

Salamu kwa baba mkubwa. Huku baridi imeanza, majani ya miti yamegeuka njano. Ni mazuri, na yanachosha kutazama ukiwa peke yako.

Daktari amecheka. Amesema alama ya kuzaliwa haina kingo za wembe.

Kwa kuwa aliniuliza pia magonjwa ya utotoni, nilikwenda kwenye bahasha ya vyeti nikatoa kadi yangu ya kliniki. Niliibeba kutoka nyumbani pamoja na vyeti vya shule na sikuwahi kuisoma. Nani husoma kadi yake ya kliniki? Nimeisoma yote, mstari kwa mstari. Homa mara mbili. Kuhara mara moja. Kifua. Macho hayamo. Hayamo hata mara moja, shangazi.

Mstari wa mwisho umeandikwa tarehe 5 Agosti 2004, kwa kalamu nyekundu: "Kidonda cha paji, usaha, homa. Ameletwa na mama."

Baba alizikwa Juni. Wewe umeniambia miaka yote kwamba mama aliondoka mara tu baada ya maziko. Agosti aliyenipeleka kliniki ni nani? Wewe ni mtu wa namba. Nifanyie hesabu hiyo.

Hapa, zamani, bibi harusi wa Kikorea alitiwa nukta nyekundu mbili mashavuni na moja pajini. Bado wanafanya kwenye harusi za kimila. Nilimwona mmoja wiki iliyopita. Sherehe ilipokwisha mama yake alichukua kitambaa akamfuta, taratibu, kama anamfuta mtoto uji. Nilitoka nje.

Tarehe 16 nitakwenda, ukijibu au usipojibu.

Jenifa


Chang'ombe
20 Novemba 2024

Mwanangu Jenifa,

Barua yako imenifikia juzi, tarehe kumi na nane. Siku mbili baada ya siku yako. Ningeweza kupiga simu ile tarehe kumi na tano, kwani ulishaniuliza tangu Septemba na sikuhitaji barua nyingine ili kujua unachotaka. Niliishika simu. Niliiweka. Kwa hiyo usidhani posta ndiyo iliyochelewa.

Nathanaeli anasalimu. Nimemwambia nitaandika. Amesema, "Yaache yalivyolala." Nimemwambia hayajalala hata siku moja, ni sisi tuliokuwa tunatembea kwa kunyata.

Baba yako Wilbert alikufa tarehe 11 Juni 2004, kwa homa ya siku tano. Mama yako Angelina hakuondoka. Alikaa matanga hadi arobaini ikaisha. Tarehe 24 Julai akasema anakwenda kwao Kwa Mtoro, wakati ule bado ni Kondoa, kuwaeleza wazee wake, atarudi baada ya siku kumi na mbili. Akakuacha kwangu Miyuji. Akanipa kibuyu cha asali ya kwao na kuniambia, "Wifi, asilale bila kunawa miguu." Hayo ndiyo masharti yake yote.

Siku ya tatu Nathanaeli akaja na maneno kwamba watu wa Kwa Mtoro wanakuja kukuchukua, uende ukalelewe kwao. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Mume wangu alikuwa amenirudisha nyumbani baada ya miaka sita, kwa sababu sikuzaa. Nilikuwa na kiti cha plastiki, machanuo mawili, na wewe. Ulikuwa unalala umenishika sikio.

Siku ya tano nikakubeba mgongoni hadi kijiji kimoja upande wa Bahi, kwa mama mmoja aliyekuwa akichanja. Hata yeye aliniuliza, "Mtoto anaumwa nini? Siku hizi hatuchanji ovyo." Nikamwambia macho. Macho yako yalikuwa mazima. Ulikuwa unamkodolea kuku.

Majibu ya daktari ni haya. Kilitengenezwa kwa wembe. Kilipakwa masizi ya sufuria yaliyochanganywa na unga wa mizizi. Mizizi gani sijui, na huyo mama amekwisha kufa. Kilioza, usaha siku saba. Mwaka 2004, tarehe 29 Julai, kama saa nne asubuhi. Ulilia jina lake, hukulia langu.

Angelina alirudi siku aliyosema atarudi. Alikukuta una homa. Hakunipigia kelele. Alikuvua kitambaa, akatazama, akakufunga mgongoni, akaenda nawe kliniki kwa miguu. Kalamu nyekundu hiyo ni ya siku hiyo. Aliporudi alikuta tumeshakaa kikao, mimi, Nathanaeli na wazee wawili, na mimi ndiye niliyesema. Nilisema, "Mtazameni usoni. Popote atakapokwenda itajulikana ni wa kwetu. Wewe Angelina nenda, mtoto ni wa ukoo." Wazee wakasema ndivyo. Akaondoka siku ya tatu, baada ya homa yako kushuka, na si kabla.

Alirudi Septemba, tulimwambia umelala. Alirudi Krismasi na gauni la njano, nililipokea mlangoni. Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, nikahama Miyuji kuja Chang'ombe na nikawaambia majirani wasiseme nilikohamia. Nasikia alikuja mwezi wa nne. Basi, mara tatu. Baada ya hapo nikakwambia alikuacha, na nikalisema mara nyingi hivi kwamba siku zingine naliamini.

Jambo jingine, hakuna aliyeniuliza ila nitalisema. Ulikuwa unajua kuhesabu hadi tano kwa lugha ya mama yako, ile wanayogonga ulimi. Ulikuwa unahesabu vifungo vya gauni langu. Nilikuzuia. Nilikuwa nakufinya, kidogo tu, na ulikuwa mtoto mwepesi wa kujifunza; ilichukua siku nane.

Ile picha niliyosema si wewe, sikukosea. Ni yeye. Nimetengeneza nyuso za wanawake zaidi ya elfu, najua paji linavyobeba uso. Alama ikiondoka, wewe ni Angelina mtupu, mpaka kishimo cha kidevu. Josephine hajui lolote, na ameona kwa sekunde moja. Mimi niliona kila Jumapili nilipokuwa nakusuka, ndiyo maana nilikuwa nakuanzia nyuma ya kichwa.

Umenifundisha mengi mwaka huu. Mchina anachora, Mkorea anachora, mmoja kwa fahari na mwingine kwa kujificha, lakini wote wana mama mwenye kitambaa. Mimi sikukuchora uwe mzuri. Nilikuchora ili asiweze kukufuta.

Yuko hai. Yuko Kwa Mtoro. Nina habari zake kila mwaka kupitia watu wa mnada. Hakuolewa tena. Nimejua siku zote.

Ukiitoa alama, itoe. Siwezi kusema kitu juu ya hilo. Ninaomba moja tu: ukirudi, pitia kwangu kwanza. Nikwambie kwa mdomo. Usinihukumu kwa karatasi, ingawa ni mimi niliyesema tuandikiane.

Shangazi yako,
Scolastika


Kwa Mtoro, Chemba
14 Januari 2025

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilifika Daegu tarehe 10 Desemba. Nilikuwa nimefanyiwa mara moja. Ya pili ilikuwa tarehe 14. Sikwenda. Usifikiri ni kwa sababu nimeipenda alama, wala kwa sababu nimekusamehe. Niliona tu kwamba kuna mtu anapaswa kuniona kabla sijaamua. Kwa hiyo alama ipo nusu. Ukinitazama juani unaiona, kivulini hapana.

Nilipita Dodoma tarehe 30 asubuhi. Nilikaa stendi saa moja na dakika ishirini, nikala chapati, nikapanda basi la huku. Saluni ni mwendo wa robo saa kutoka pale. Najua uliniomba.

Niliuliza nyumba kwa jina lake, nikamkuta mama anapeta uwele nje. Aliniambia karibu, akaniuliza kwa Kiswahili nimetoka wapi, kama unavyomuuliza mgeni wa serikali. Nikasema Dodoma. Akaacha kupeta. Akaniambia, "Sogea juani." Nikasogea. Akatafuta, akaiona. Kisha akasema, "Ulikuwa unahesabu vifungo," akakaa chini palepale kwenye makapi.

Amenieleza kwamba miaka yote, kila alipokuja mjini kwa shida yoyote, alikuwa akitazama mapaji ya wasichana. Wa umri wangu wamebaki wachache wenye alama, anasema, kwa hiyo haikuwa kazi kubwa. Aliwafuata wawili. Mmoja alimwitia askari mgambo. Wewe uliniwekea alama asinichukue, na yeye alikuwa ananitafuta kwa hiyo hiyo.

Sijamwambia yote uliyoandika. Nilimsomea ya kikao na ya kuhama. Ya kunifinya nimebaki nayo mwenyewe. Nimeona inatosha mtu mmoja kuijua. Hakusema kitu kibaya juu yako. Ningependa angesema. Ameuliza tu kama hatimaye ulipata mtoto. Nikasema hapana. Akasema, "Basi alikuwa na wewe," na akaenda kuchota maji.

Kuhusu kuitoa iliyobaki, hajasema nitoe wala nisitoe. Amesema paji ni langu.

Machi nitarudi Hangzhou kumaliza. Msimu huu hutaniona, Josephine akusaidie. Anaweza kuliko unavyomwambia. Na usije huku. Ukija utampa mama kazi ya kukukaribisha, na najua ataifanya, atakuchinjia hata kuku. Sitaki kuiona hiyo. Labda mwakani. Sijui, nisikuahidi tarehe, maana utaihesabu.

Mama anakusalimu. Nimemuuliza mara mbili kama kweli niandike hivyo. Akasema, "Andika."

Jenifa